Kunyambua Kiesperanto ukiwa Mswahili: nomino, viwakilishi na vitenzi hatua kwa hatua

Ukitamka neno moja tu la Kiswahili, "nimekuona", umekwisha kusema sentensi nzima. Ni- ni mimi, -me- ni wakati, -ku- ni wewe, -on- ni mzizi, na -a inafunga. Kiesperanto husema hayohayo kwa maneno matatu: Mi vidis vin. Hakuna kilichopotea njiani. Mi imekaa pahali pa ni-, -is pahali pa -me-, vid- pahali pa -on-. Na ile -ku- imetoka tumboni mwa kitenzi, ikasimama yenyewe kama vi, ikavishwa -n ili ijulikane kwamba ndiyo inayotendwa.

Nimeianza hapo kwa makusudi. Vitabu vingi vya kujifunzia Kiesperanto vimemfikiria msomaji wa Ulaya. Vinatumia kurasa nyingi kueleza upatanisho wa kivumishi na nomino, jambo ambalo sisi tumelinyonya tangu tukisema "kikombe changu kizuri". Halafu vinapita mbio pale ambapo sisi ndipo tunapokwama. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanzia kwenye kitenzi chetu na viambishi vyake, kisha unauliza kila kiambishi kimehamia wapi.

Lugha yenyewe ilitungwa na L. L. Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa Białystok mwaka 1859. Alitoa kitabu chake cha kwanza Warsaw mwaka 1887, kwa Kirusi, akitumia jina la Doktoro Esperanto. Mpaka leo ina wasemaji sehemu nyingi za dunia, na Agosti 2024 kongamano lao la dunia lilifanyika Arusha, mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Hatua ya 1: Zoeza sikio na jicho

Herufi ni 28, na kila moja ina sauti moja. Irabu ni zetu zilezile tano. Mkazo nao ni wetu: huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, bila kukosa. Familio husomwa fa-mi-LI-o, kama Mswahili yeyote angelisoma bila kufundishwa.

Za kuangalia ni chache. J husomwa kama y yetu, kwa hiyo -oj ni "oy". Ĝ ndiyo j ya "jambo". Ĉ ni ch, ŝ ni sh, c ni ts, ŭ ni w, ĥ ni kh ya Kiarabu, na ĵ ni j ya Kifaransa. Kama simu yako haina herufi zenye kofia, andika x baada ya herufi: cx, gx, sx. Watu wataelewa.

Kuna maneno mafupi yatakayokuchanganya kwa sababu unayajua kwa maana nyingine. Ni kwa Kiesperanto ni "sisi". Ili ni "wao". Li ni "yeye" wa kiume. La ni kibainishi cha kitu kinachojulikana, wala si "hapana". Si nayo ina kazi yake tutakayoifikia. Yaandike kwenye karatasi uyabandike mbele yako wiki ya kwanza, maana akili huyasoma kwa Kiswahili kabla hujaiambia isifanye hivyo.

Hatua ya 2: Nomino na kivumishi

Kila nomino huishia -o. Wingi huongeza -j. Ikiwa inatendwa, huongeza -n mwisho kabisa. Basi neno moja lina sura nne:

libro – kitabu
libroj – vitabu
libron – kitabu (kinachotendwa)
librojn – vitabu (vinavyotendwa)

Hakuna ngeli. Mti, jiwe, mtoto na uhuru vyote huenda njia moja. Kivumishi huishia -a, nacho hufuata nomino yake kwa wingi na kwa -n: nova libro, novaj libroj, novan libron, novajn librojn. Kitabu kipya, vitabu vipya. Vimilikishi pia: mia libro ni kitabu changu, miaj libroj ni vitabu vyangu. Hapa huna la kujifunza isipokuwa kwamba upatanisho umehama kutoka mwanzo wa neno kwenda mwisho wake.

Sehemu mbili zinahitaji kujizuia. Kwanza, kitenzi hakipatani na chochote. Tunasema "vitabu vimeanguka, mtoto ameanguka", wao husema libroj falis, infano falis. Pili, namba hazipatani. Sisi tuna "vitabu vitatu" lakini "vitabu sita". Kwa Kiesperanto namba zote zina tabia ya sita: tri libroj, ses libroj, na hata katika hali ya kutendwa ni tri librojn. Nimesahihisha madaftari ya kutosha kujua kwamba mwanafunzi wa Kiswahili huandika trij librojn akiamini amefanya vema.

Hatua ya 3: -n, mahali pa kukaa muda mrefu

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote. Kama una wiki nne, nipe mbili hapa.

Njia ya haraka ni hii: chukua sentensi ya Kiswahili, uliza kama kile kitu kinaweza kuwakilishwa na kiambishi ndani ya kitenzi. "Ninasoma kitabu" inaweza kuwa "ninakisoma". Basi kitabu kinachukua -n: Mi legas libron. "Paka amemkamata panya": panya ndiye -m-, basi La kato kaptis muson. Na kwa kuwa -n imekwisha kumtambulisha mtendwa, unaweza kupindua mpangilio: Muson kaptis la kato bado ni panya aliyekamatwa.

Njia hiyo itakufikisha mbali, lakini ina mashimo manne, na yote yanatokana na Kiswahili chetu.

La kwanza ni kauli ya kutendea. "Nilimpa Asha kitabu." Kiambishi -m- ni Asha, lakini anayebebwa na tendo ni kitabu. Kilichotoka mkononi ni kitabu, Asha ni mpokeaji tu. Kwa hiyo: Mi donis libron al Asha. Vivyo hivyo "nilimwandikia barua" ni Mi skribis leteron al ŝi, na "nilimwambia" ni Mi diris al ŝi. Ukiona kitenzi kina -ia au -ea ya kutendea, au ni "pa" au "ambia", kile kiambishi cha mtu ukitoe nje na al au por kulingana na maana, halafu utafute kitu kilichobaki ukivishe -n. Hakuna kosa ninaloliona mara nyingi kama hili, na sijaona kitabu cha Ulaya kinacholitaja, kwa sababu waandishi wake hawana kauli ya kutendea.

La pili ni "kuwa na". Kwetu "nina rafiki" haionekani kama kitenzi kinachomtenda mtu. Kwao havi ni kitenzi kamili: Mi havas amikon. Mimi mwenyewe niliandika Mi havas amiko kwa miezi, na mwenzangu niliyekuwa naandikiana naye alikuwa akiongeza ile -n kila mara bila kuchoka. Kinyume chake, "kuna" na "ni" hazitoi -n kamwe: Sur la tablo estas libro, mezani kuna kitabu. Mi estas instruisto, mimi ni mwalimu.

La tatu ni vihusishi. Nomino inayofuata kihusishi haichukui -n: kun mia amiko, por la infanoj, al la urbo. Lakini kuna pale ambapo -n huonyesha kuelekea, na hapo ndipo lugha hii inapopendeza. Sisi tunasema "amelala nyumbani" na "amekwenda nyumbani" kwa neno lilelile. Wao hutenganisha: Li dormas hejme, Li iris hejmen. La kato saltas sur la tablo, paka yuko juu ya meza tayari na anarukaruka hapohapo. La kato saltas sur la tablon, paka alikuwa chini na sasa anarukia mezani. Kwetu kazi hiyo hufanywa na kitenzi: ruka, rukia. Al na ĝis zenyewe tayari zina maana ya kuelekea, basi haziongezewi -n.

La nne ni neno "na". Ni mzigo wa maneno manne: "Juma na Asha" ni kaj, "nilikwenda na Asha" ni kun, "kilivunjwa na mtoto" ni de, na "nina" ni havas. Kabla hujatafsiri "na" yoyote, simama uulize ni ipi.

Tarehe na vipimo pia huchukua -n pasipo kihusishi: Lundon mi laboras, Jumatatu nafanya kazi. Mi dormis du horojn, nililala kwa muda wa saa mbili. Majina ya watu ya kwetu unaweza kuyaacha bila -n kama sentensi inaeleweka. Ukihofia utata, tanguliza neno litakalobeba: Mi vidis sinjoron Juma.

Hatua ya 4: Viwakilishi

mi – mimi
vi – wewe, pia ninyi
li – yeye (mwanamume)
ŝi – yeye (mwanamke)
ĝi – kitu, mnyama
ni – sisi
ili – wao
oni – watu kwa jumla
si – nafsi ya tatu inayojirudia

Vyote hupata -n vikitendwa (min, vin, lin...) na -a vikimiliki (mia, via, lia...).

Kikwazo cha wazi ni li na ŝi, kwa kuwa yeye wetu hana jinsia. Ukiandika haraka, mama yako atageuka li katikati ya aya. Dawa yake ni kurudia kusoma ulichoandika ukitafuta jambo hilo moja tu. Oni ni rahisi: oni diras ni "watu husema", "inasemekana".

Kilichobaki ni si, na hapa nataka uende taratibu. Kiswahili kinasema "Juma anampenda mke wake" na kuacha swali: wake nani, wa Juma au wa Salum aliyetajwa jana? Kiesperanto hakikuruhusu kunyamaza. Juma amas sian edzinon: anampenda mkewe mwenyewe. Juma amas lian edzinon: anampenda mke wa mtu mwingine. Herufi moja inatenganisha ndoa na kesi. Sia hurudi kwa kiima, na kwa sababu hiyo haiwezi kukaa ndani ya kiima. "Juma na mkewe walikuja" ni Juma kaj lia edzino venis, kwa kuwa mke naye ni sehemu ya wanaokuja.

Tunayo -ji- ya kutusaidia. "Anajiosha" ni Li lavas sin. Lakini -ji- yetu hutumika kwa nafsi zote, ilhali si ni ya nafsi ya tatu tu. "Ninajiosha" ni Mi lavas min.

Hatua ya 5: Kitenzi

Mizizi yote hufuata mtindo mmoja, bila vitenzi vya silabi moja vinavyotaka ku- na bila vitenzi vyenye asili ya kigeni vinavyokataa -i ya ukanushi. Chukua leg-, "soma":

legi – kusoma
legas – -na-, -a-, hu-
legis – -li-, -me-
legos – -ta-
legus – -nge-, -ngali-
legu – amri, na ile -e ya dhamira tegemezi

Kitenzi hakimtaji mtendaji, kwa hiyo kiwakilishi lazima kitajwe. "Tutasoma" ni Ni legos. Ukiandika Legos peke yake umemwacha msomaji bila mtu. Ukanushi ni ne mbele ya kitenzi: Mi ne legis.

Unaweza kuhisi umepoteza kitu, kwa kuwa -li- na -me- zimemezwa na -is moja. Tofauti hiyo hubebwa na maneno madogo. "Nimekula", kwa maana ya kuwa tayari nimeshiba, ni Mi jam manĝis. Na -ja- yetu ya kukanusha, ambayo lugha nyingi hazina, wao huitafutia ankoraŭ ne: "sijala" ni Mi ankoraŭ ne manĝis. Kumbuka jozi hiyo, jam na ankoraŭ ne, uitumie kila unapohitaji -me- na -ja-.

Kwenye -nge- utajisikia uko nyumbani. "Ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba": Se mi havus monon, mi aĉetus domon. -Us pande zote mbili, kama -nge- ilivyo pande zote mbili. -Ki- ya sharti inataka uangalifu zaidi: "ukija nitafurahi" ni Se vi venos, mi ĝojos. Kuja kwako ni kwa wakati ujao, basi kitenzi chake nacho kinachukua -os, ingawa -ki- haionyeshi wakati wowote.

Na -u ni zawadi kwetu. Mzungu hufundishwa -u kama amri, kisha anashangaa kuikuta katikati ya sentensi ndefu. Sisi tunaijua kwa jina la -e. "Soma!" Legu! "Tusome." Ni legu. "Asome." Li legu. "Nataka usome." Mi volas, ke vi legu. "Usisome." Ne legu. Ukitamani kuandika -e kwa Kiswahili, andika -u kwa Kiesperanto, na mara nyingi sana utakuwa umepatia.

Virejeshi navyo vinahitaji jicho moja. "Mtu aliyeniona" na "mtu niliyemwona" hutofautishwa kwetu na viambishi ndani ya kitenzi. Kwao tofauti inakaa kwenye kiu: la homo, kiu vidis min; la homo, kiun mi vidis. Ile -m- ya "niliyemwona" imegeuka -n ya kiun. Wingi ni kiuj na kiujn.

Hatua ya 6: Maneno ya -nt- na -t-, na minyambuliko miwili

Kumbuka irabu za wakati: a ya sasa, i ya nyuma, o ya mbele. Zibandike mbele ya -nt- kwa mtenda na -t- kwa mtendwa:

leganta – anayesoma. Leginta – aliyesoma. Legonta – atakayesoma
legata – kinachosomwa. Legita – kilichosomwa. Legota – kitakachosomwa

Yakiishia -o yanakuwa mtu: leganto, msomaji wa sasa hivi. Sasa lichambue jina la lugha yenyewe. Esper- ni kutumaini, -ant- ni anaye-, -o ni nomino. Esperanto: atumainiye. Ndilo jina alilojipa Zamenhof kwenye jalada la 1887, na lugha ikalirithi.

Yakiishia -e yanafanya kazi ya -ki- ya mambo yanayokwenda pamoja: "alitembea akiimba", Li marŝis kantante. "Akiisha kula akaondoka": Manĝinte li foriris. Mtendaji lazima awe yuleyule.

Kauli ya kutendwa hujengwa na esti pamoja na maneno ya -t-. "Barua inaandikwa", La letero estas skribata. "Barua imeandikwa", La letero estas skribita. Wasemaji walibishana miaka mingi juu ya -ata na -ita, na Akademio ya lugha hiyo ikaamua mwaka 1967: jambo lililokamilika ni -ita, linaloendelea ni -ata. Mtu aliyekulia kwenye tofauti ya -na- na -me- hana sababu ya kubishana.

Minyambuliko ni miwili ya kushika. -Ig- ni kutendesha: manĝi kula, manĝigi kulisha; morti kufa, mortigi kuua; dormi kulala, dormigi kulaza. -Iĝ- ni kutendeka: rompi kuvunja, rompiĝi kuvunjika, fini kumaliza, finiĝi kumalizika. Glasi iliyoteleza ikaanguka, imevunjika: La glaso rompiĝis. Kama yuko aliyefanya hivyo, imevunjwa: La glaso estas rompita de la infano. Lugha nyingi za Ulaya hutumia kitenzi kimoja hapo, sisi hatuna shida. Angalia tu kwamba kitenzi cha -iĝ- hakibebi yambwa, sawa na "vunjika" isivyoweza kubeba.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha ukague kwa mpangilio huu

Andika sentensi tatu au nne za maisha yako, utafsiri, halafu pitia mara tano, kila mara ukitafuta kitu kimoja: wakati wa kila kitenzi, kiwakilishi cha kila kitenzi, -n, -j, mwisho li na ŝi. Ukitafuta vyote kwa mkupuo mmoja hutaona hata kimoja. Huu hapa mfano:

"Jana dada yangu alininunulia samaki wawili wakubwa sokoni. Angekuwa na pesa zaidi, angenunua nazi pia. Nimemwambia arudi huko kesho."

Hieraŭ mia fratino aĉetis por mi du grandajn fiŝojn en la bazaro. Se ŝi havus pli da mono, ŝi aĉetus ankaŭ kokosojn. Mi diris al ŝi, ke ŝi reiru tien morgaŭ.

"Alininunulia" ni kutendea, hivyo -ni- imetoka kuwa por mi, na -n imewaendea samaki. Samaki kwetu hawabadiliki kwa wingi, kwao ni lazima -j, na wakubwa wakafuata: grandajn fiŝojn. Wawili wamebaki du. Sokoni ni kihusishi bila kuelekea, basi la bazaro haina -n. Pli da mono haikupata -n ingawa iko baada ya havus, kwa sababu da ni kihusishi na kinailinda. -Nge- mbili zimekuwa -us mbili. "Arudi" ina -e, ikawa -u. "Huko" ni tie, lakini dada anaelekea huko, kwa hiyo ni tien.

Ukikosa ile -n ya tien mara ya kwanza, rudi kwenye paka na meza katika hatua ya tatu, usome sentensi zile mbili kwa sauti hadi usikie tofauti.